Vitabu Tisa Kabatini, Kodi Chini ya Kitanda

Jamani, hebu nianze na aibu yangu mwenyewe. Novemba 2018, saa moja asubuhi, baba mwenye nyumba wetu wa Sinza aligonga mlango kuulizia kodi ya miezi sita. Mume wangu akaniangalia, maana hela ile alikuwa amenikabidhi mimi niitunze. Mimi nikaangalia chini. Kodi yetu, shilingi 2,100,000, ilikuwepo chumbani, chini ya kitanda, ila haikuwa hela tena. Ilikuwa maboksi kumi na moja ya karatasi ngumu na bahasha za kadi za harusi, nilizonunua Kariakoo bila kumwambia.

Mzee wa watu alitupa wiki mbili. Mume wangu akakopa kazini kwao. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Jioni alisimama mbele ya kabati langu la vitabu, akahesabu kwa kidole. Vya biashara vilikuwa tisa. Akaniuliza taratibu kabisa: "Mama, katika vyote hivi, hakuna hata kimoja kilichokwambia kodi ya nyumba si mtaji?"

Mimi ni mhariri. Shahada yangu ni ya mawasiliano, na kusoma ndiyo kazi inayonilisha. Lakini swali lile sikuwa na jibu lake.

Ukweli ni kwamba vitabu vile nilivisoma kama tunavyowasikiliza wahamasishaji ukumbini: unatoka umewaka moto, ukifika kituo cha daladala umeshapoa. Nilianza na Rich Dad Poor Dad cha Robert Kiyosaki, kile cha 1997 ambacho karibu kila kijana wa ofisini amewahi kuazimwa. Kilinipa hamu ya kuacha kuajiriwa. Namna ya kuendesha biashara ya kadi sikuipata mle, na kosa si la kitabu. Nilikipa swali ambalo hakikuandikwa kulijibu.

Wiki zilizofuata mimi na mwenzangu tuliongea habari za mtoto, gesi na luku tu. Basi. Kama uko kwenye ndoa, unaujua ukimya wa aina hiyo.

Aliyeuvunja ni yeye. Januari 2019 nilimkuta sebuleni ameshika The E-Myth Revisited cha Michael Gerber, kitabu cha 1995. Ndani yake kuna mama mmoja anayejua sana kuoka pai, akafungua duka la pai, na duka likamtafuna mpaka akachukia hata harufu ya pai. Gerber anasema ndani ya mwenye biashara ndogo wanaishi watu watatu: fundi, meneja na mjasiriamali. Wengi wetu tunafungua biashara kwa sababu ni mafundi wazuri, tukidhani kuijua kazi ndiyo kuijua biashara ya kazi hiyo. Mume wangu akainua macho: "Huyu mama wa pai ni wewe." Nikacheka, halafu nikalia.

Na kweli nilikuwa mimi. Kadi nilizitengeneza vizuri, nani abishe? Lakini daftari la mauzo sikuwa nalo. Sikujua kadi moja inanigharimu shilingi ngapi ukijumlisha wino, bahasha na bodaboda ya kuipeleka. Fundi alikuwepo, meneja hakuwahi kuajiriwa.

Tukapanga utaratibu: kila Jumapili jioni mtoto akilala, sura moja ya kitabu kimoja, tunasoma wawili, na daftari liko mezani. Sheria ilikuwa moja. Kitabu hakifunguliwi mpaka tuseme kwanza nini kinatuuma wiki hiyo.

Kilichotuuma kwanza ni wateja. Kabla sijaanza niliwauliza mashosti zangu wote kama wazo langu la kadi ni zuri. Wote wakasema, "Zuri sana shosti, mimi mteja wako wa kwanza!" Hakuna aliyenunua. The Mom Test, kitabu chembamba cha Rob Fitzpatrick cha 2013, kilinieleza kwa nini. Ukimuuliza mtu anayekupenda kama wazo lako ni zuri, atakudanganya kwa upendo. Usimuulize maoni wala ahadi, muulize alichokwisha kufanya. Nikarudi kwa walewale: mara ya mwisho mlipochapisha kadi, nani alichagua, nani alilipa, ililipwa lini?

Majibu yalinifumbua macho. Bibi harusi anachagua rangi tu, hela iko kwa mweka hazina wa kamati. Na kadi za mchango zinatakiwa mwanzoni kabisa, wakati kamati haina hata senti. Za mwaliko zinakuja mwishoni, michango ikishaingia. Mimi nilikuwa nakimbilia kadi za mchango, nawakopesha watu karatasi iliyotokana na kodi yangu!

Maumivu ya pili yalikuwa yale maboksi. Hapo tukafungua The Lean Startup cha Eric Ries, cha 2011. Ries anasimulia jinsi walivyotumia miezi kutengeneza programu ya kompyuta, kisha wakagundua wateja hawaitaki ilivyokuwa. Funzo lake: tengeneza kitu kidogo kabisa kinachoweza kukufundisha, kipeleke kwa mteja, pima, jirekebishe, ndipo uongeze. Mfano wangu mimi ungekuwa kadi tano za mfano kwenye bahasha ya kaki. Tano tu! Badala yake nilinunua maboksi kumi na moja.

Maumivu ya tatu ndiyo makubwa: hela ya nyumba na hela ya biashara kulala kitanda kimoja. Dawa tuliipata kwenye kitabu kizee kuliko bibi yangu, The Richest Man in Babylon cha George Clason, cha 1926. Ni hadithi za Babeli ya kale, na fundisho lake kuu ni jepesi: katika kila unachopata, sehemu isiyopungua moja ya kumi iwe yako ya kuweka, kabla hujawalipa wengine. Likiingia lipo la shilingi 200,000, 20,000 inakwenda pembeni kabla sijagusa chochote. Nasi tukaongeza letu: biashara ikapata Lipa Namba yake na akaunti yake. Nikitaka hela ya biashara kwa matumizi ya nyumbani naandika, na nikitaka ya nyumbani kwa biashara, tunasaini wawili.

Nawe unayetaka kumwandikia bosi barua ya kuacha kazi Jumatatu, subiri kidogo. Soma kwanza vitabu viwili pamoja. Kimoja ni Shoe Dog cha Phil Knight, mwanzilishi wa Nike, kilichotoka 2016. Kingine ni I Can, I Must, I Will cha marehemu Reginald Mengi, kilichotoka 2018, mwaka mmoja kabla hajafariki. Mmoja Mmarekani, mwingine mtoto wa Kilimanjaro, lakini angalia walivyofanana. Wote wawili walikuwa wahasibu. Wote walianza biashara wakiwa bado na kazi. Knight aliuza viatu kutoka Japani huku akiendelea na uhasibu na baadaye kufundisha chuoni. Mengi alianza kwa kuunganisha kalamu nyumbani kwake Dar es Salaam. Na Knight anakiri jambo ambalo wengi hatulielewi: mauzo yalikuwa yanapanda kila mwaka huku mfukoni hakuna kitu, mpaka 1975 benki yake ikamkatalia na wafanyabiashara wa Kijapani wakamnusuru. Kuuza sana si kuwa na hela, ndugu yangu.

Tahadhari moja. Vitabu hivi havikuandikiwa Sinza. Hakuna kitakachokwambia habari za TIN, BRELA wala leseni ya biashara. Hayo utayaulizia ofisi zenyewe, tena mapema.

Sasa mnataka kujua biashara iko wapi. Ipo, ndogo, ila inapumua. Kadi za mchango natengeneza za kutumwa kwa WhatsApp, hazili karatasi. Za mwaliko nachapa baada ya kupokea nusu ya malipo kutoka kwa mweka hazina. Yale maboksi yalichukua miaka miwili kuisha, na mawili ya mwisho niliyauza kwa hasara. Kazi ya uhariri bado ninayo.

Na ndoa? Tunaendelea kusoma Jumapili. Lakini nisiwadanganye: mpaka leo kodi ya nyumba mume wangu anamlipa mwenye nyumba mwenyewe, haipiti mkononi mwangu. Sijawahi kumlaumu. Deni la kazini kwao tulilimaliza kwa miezi minane. Lile la kuaminiana lina ratiba yake.

Kwa hiyo, msomaji wangu, usiniulize kitabu kipi cha biashara ni bora. Niambie kinachokuuma. Kama kazi inakutafuna, Gerber. Kama wateja wanakusifia bila kununua, Fitzpatrick. Kama unataka kununua mzigo mkubwa kwanza, Ries. Kama hela zinachanganyikana, Clason. Kimoja kinatosha kwa miezi mitatu.

Na ukishakipata usikifiche kwenye begi la ofisini. Kiweke mezani, mwite mwenzako, mfungue ukurasa wa kwanza pamoja. Mngejua nilivyotamani ningefanya hivyo kabla ya Kariakoo!