Kabla Kibarani Haijapandwa Miti

Tulipokuwa tukivuka Makupa juzi kuingia kisiwani Mombasa, nilifunga dirisha la matatu bila kufikiri. Mpwa wangu, msichana wa miaka kumi na minne, akaniuliza, “Mjomba, mbona wafunga na joto hili?” Nikamjibu kwamba tumefika Kibarani. Akatazama nje, akaona miti, akanitazama mimi. Hakuelewa.

Jaa la Kibarani lilifungwa 2018, taka zikawa zapelekwa Mwakirunge. Mtoto wa umri wake hajui moshi ule uliofuka usiku na mchana, wala kunguru, wala watu waliokuwa wakichokora chuma na chupa huku maji meusi yakichuruzika baharini. Aliyetoka bara kwa barabara alikaribishwa kisiwani na harufu hiyo. Lakini mimi nikiitaja Kibarani hukumbuka duka, maana taka zile zilitoka majumbani mwetu, na vya majumbani vilitoka dukani.

Duka lilikuwa Kibokoni, Mji wa Kale, kwenye kona. Mwenyewe tukimwita Ami, watoto kwa wakubwa. Ndani mlinuka mafuta ya taa, karafuu na magunia ya mchele. Kaskazi ikivuma, iliingia na harufu ya papa mkavu kutoka majahazini. Mafuta ya kupikia ulikwenda na chupa yako. Ukisahau, warudi nyumbani. Sukari na dengu alizifunga katika gazeti kuukuu: alilizungusha mkononi, akakunja ncha kwa kidole gumba, likasimama kama pembe, wala halimwagi hata chembe. Vilivyosalia viliingia kwenye kikapu cha ukili, na kila nyumba ilikuwa na chake nyuma ya mlango.

Jumamosi tukitoka chuoni, Ami alitugawia mafagio ya chelewa. Tulifagia kuanzia dukani kwake, kichochoro kwa kichochoro, hadi ufukweni. Kila wiki alimteua mmoja wetu awe msimamizi, na hakuwateua wale wenye mabavu. Alimchukua mtoto mwoga, au msichana aliyezoea kukaa nyuma, akamwambia, “Leo wewe ndiwe mkubwa wetu. Nami uniamuru.” Kisha anashika fagio, anasubiri amri. Tulipolalamika kwamba taka za ufukweni si zetu, zimeletwa na maji, alisema, “Bahari mwaogelea nyinyi. Basi.” Tukimaliza, twapewa ubuyu na kashata.

Ilikuwa mwaka gani? Mwenzangu mmoja ashikilia kwamba ilikuwa kabla ya mvua za El Niño za 1997. Mimi naona tuliendelea hata baada yake. Si kitu. Ninalolijua ni kwamba karatasi za nailoni zilikuwa zimeshaingia mjini, na Ami alizikataa muda mrefu. Duka la pili likawa latoa bure, na wateja wakahamia huko, mama zetu wakiwemo. Mwisho naye akatundika furushi la nailoni msumarini. Jumamosi zilizofuata tulikuta karatasi zimenasa kwenye mitaro, na fagio la chelewa haliziwezi. Zilipaswa kung'olewa kwa mkono, moja moja. Watoto wakapungua. Ami akafariki. Siku hizi pale pauzwa vifuniko vya simu.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Serikali ilijaribu kuzizuia karatasi hizo 2007, ikajaribu tena 2011, na marufuku yenyewe hasa ikaanza Agosti 28, 2017. Mapema 2019 ikapita Flipflopi, jahazi la plastiki iliyosagwa lililoundwa na mafundi wa Lamu na kupambwa kwa champali zilizookotwa, likielekea Unguja. Na upande wa hori la Tudor, vijana wa Mikindani na Jomvu wanapanda mikoko. Nimewaona wakizama matopeni hadi magotini, wakichomeka mbegu, kisha wakirudi kuvua nailoni iliyojizonga kwenye miche. Mche uliozongwa haudumu.

Vijana wa Mji wa Kale nao wamo. Linaloniudhi ni sisi watu wazima. Watoto wa watu wanasafisha Jumamosi, wakubwa wanakuja kupiga picha nao, na Jumapili alfajiri ndoo zamwagwa palepale kutoka ghorofani. Magunia waliyoyajaza hukaa siku kadhaa bila kuchukuliwa, mbwa na paka wakayapasua. Hakuna anayewauliza wanataka nini, wala anayekubali kuamriwa nao.

Wanalotaka wamelisema. Wiki iliyopita walizunguka Kibokoni na Kuze wakiomba kila mwenye duka aweke gunia la chupa za plastiki mlangoni, wao watakuja kulichukua. Baadhi wamekubali. Wengine wamewafukuza kwa maneno makali, na wawili kati yao nawafahamu vyema: tulifagia pamoja kwa Ami. Nitakwenda kwao, na nitakwenda na huyu mpwa wangu, aseme yeye.