Vibao Vitano Kutoka Shenzhen

Asubuhi moja nilifungua friji bovu la maabara yetu pale Morogoro nikakuta kipimajoto kinasoma nyuzi 52. Friji hilo lilishaacha kupooza zamani. Tuliling'oa mashine yake, tukabakiza sanduku lenye kuta nene, tukaweka ndani taa ya gari ya wati 55 na feni ndogo ya kompyuta, likawa kiatamizi chetu cha kuoteshea bakteria wa maji. Siku hiyo mlikuwa na sampuli 12 za visima vifupi, na zote zilikuwa zimeungua.

Waya mmoja wa sensa ya joto inayoongoza taa ulikuwa umechomoka. Programu tuliyokuwa tukiitumia ikiikosa sensa ya DS18B20 hutoa namba -127, nasi hatukuifundisha kuitilia shaka namba hiyo. Ikaamini kwamba ndani kuna baridi ya kutisha, ikawasha taa usiku kucha.

Niliumia kwa sababu najua kazi ya sampuli zile. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hauruhusu hata bakteria mmoja wa E. coli katika mililita 100 za maji ya kunywa. Ili kuwahesabu bakteria wanaotokana na kinyesi tunachuja maji kwenye utando, tunauweka utando juu ya chakula chao, kisha tunauacha saa 24 kwenye nyuzi 44.5. Joto hilo wao hulivumilia, na wengi wa udongoni hushindwa. Joto likiyumba, hesabu haiaminiki, na kuna familia inayosubiri kuambiwa kama kisima chake kiko salama.

Nikachukua rundo langu la nyaya za kuongozea taa, lililochomekwa kwenye bredibodi bila kulehemu, nikalipeleka kwa fundi wa redio wa mtaani kwetu, mzee aliyeanza kazi enzi za redio za mbao.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hiki nacho ni nini?"

Nilipomweleza, akalivuta rundo taratibu, waya mwingine ukachomoka mkononi mwake. Akasema kitu cha kukaa miaka hakifungwi hivi. Kinahitaji kibao chake chenyewe, kama kile kilichomo ndani ya redio.

Mpaka siku ile nilidhani vibao vya aina hiyo ni vya viwanda vikubwa vinavyoagiza maelfu. Kumbe viwanda vya Shenzhen, nchini China, humtengenezea mtu yeyote, hata vibao vitano tu. Pia nilikuwa nimesoma habari za OpenFlexure, hadubini iliyoanzia Uingereza ambayo sehemu zake huchapishwa kwa printa ya 3D, na ambayo imetengenezwa pia Dar es Salaam na kujaribiwa na Taasisi ya Afya Ifakara. Nikasema, kama hadubini imewezekana hapa nchini, sanduku la joto litatushindaje?

Nikapakua KiCad. Ni programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 1992 na Jean-Pierre Charras wa Ufaransa, na leo inaendelezwa na watu wengi. Kwanza unachora saketi kwa alama: sensa hapa, rizista ya kiloomu 4.7 pale, transista ya MOSFET ya kuwasha na kuzima taa. Kisha kila alama unaipa umbo lake halisi, yaani matundu mangapi, ya upana gani, yameachana kiasi gani. Halafu unavipanga vifaa kwenye kibao na kuvuta njia za shaba kutoka mguu hadi mguu. Wiki mbili za jioni ziliishia hapo. Kuna usiku nilivuta njia moja mara tisa, kila mara ikigongana na nyingine, hadi nilipoelewa kwamba kibao kina pande mbili na kwamba njia inaweza kuzama kwenye kitundu upande wa juu ikaibukia chini.

Mchoro ulipokamilika nilirudi kwa mzee na kompyuta yangu. Aliutazama kimya, kisha akaweka kidole kwenye kioo, juu ya mstari mwembamba kama unywele.

"Huu ndio utakaobeba taa ya gari?"

Mstari ule ulikuwa na upana wa milimita 0.25, kwa kuwa ndivyo programu ilivyonipa nami sikuuliza. Taa ya wati 55 kwenye betri ya volti 12 inakula karibu ampea 5. Shaba ya vibao vya kawaida ina unene wa mikromita 35 tu, kwa hiyo ili ibebe umeme huo bila kupata moto sana inahitaji upana wa takriban milimita 3. Ule uzi wangu ungechemka na kuungua. Mzee huyu hajawahi kugusa KiCad, lakini ameona njia nyingi zilizoungua.

Nikapanua njia, nikaendesha ukaguzi wa programu, ikaniambia hakuna kosa. Nikatoa faili za Gerber, zile ambazo viwanda husoma ili kujua shaba ibaki wapi, rangi ya kinga ipite wapi na maandishi meupe yakae wapi. Jina hilo limetokana na kampuni ya Joseph Gerber, mzaliwa wa Vienna aliyehamia Marekani, ambayo mashine zake za kuchorea ndizo zilizozaa lugha hiyo. Matundu yana faili lake peke yake. Ukilisahau, kibao kinakuja bila tundu hata moja.

Fomu ya kuagiza ilinitisha kuliko uchoraji. Pande mbili. Unene wa milimita 1.6. Rangi ya kijani. Shaba ipakwe lehemu yenye risasi au isiyo na risasi? Nikachagua isiyo na risasi, kwani wanafunzi wangevishika kila siku. Vibao vitano vilikuwa dola 2 za Marekani, na usafirishaji ukawa mara kadhaa ya hiyo. Nikalipa kwa kadi niliyoifungua kwenye simu, nikaandika anwani, postikodi na sanduku la posta, nikaanza kufuatilia namba ya mzigo asubuhi na jioni.

Siku ya 24 simu ikaita kutoka posta. Vilikuwa vimefungwa kwenye plastiki iliyonyonywa hewa, pamoja na kifuko cha kukausha unyevu. Vya kijani, vinang'aa, jina la maabara yetu limeandikwa kwa herufi nyeupe. Nilisimama pale kaunta nikivigeuzageuza hadi dada wa posta akauliza ni vya simu gani.

Usiku huohuo nikakaa kulehemu, na viunganishi vya skrubu vya kufungia nyaya za taa vikagoma kuingia. Miguu yao ilikuwa na upana wa milimita 1.3, na matundu niliyochora yalikuwa ya 1.0. Programu ilikuwa sahihi iliposema hakuna kosa, kwa sababu yenyewe hukagua mchoro kwa mchoro. Haijui nilinunua nini Kariakoo. Kama ningechapisha mchoro kwenye karatasi kwa kipimo chake halisi na kuchomeka miguu ya kila kifaa, ningeliona kosa hilo kwa dakika tano na karatasi moja.

Mzee alinishauri nipanue matundu kwa keekee ya mkono, tena taratibu. Nikafanya, lakini ukuta wa shaba uliomo ndani ya tundu ukatoka pamoja na vumbi, upande wa juu ukaachana na wa chini. Ikabidi nilehemu waya mnene kwa chini. Kisha nikawasha, nikagusa sensa, nikatoa kidole haraka: inaunguza! Nikazima. Karatasi ya maelezo ya DS18B20 huonyesha miguu yake ikitazamwa kwa chini, nami niliichora kana kwamba natazama kwa juu, hivyo chanya na hasi zikabadilishana nafasi. Namshukuru Mungu kosa hilo dawa yake ni nyepesi. Nikaing'oa, nikaigeuza uso wake nyuma, na kioo kidogo kikaandika 27.4, joto la chumba changu usiku ule.

Wiki iliyofuata nilisahihisha matundu na sensa, nikaongeza kwenye programu amri ya kuzima taa kila namba ya sensa inapokuwa si ya kuaminika. Nikachapisha kwenye karatasi, nikachomeka kifaa kimoja kimoja mbele ya mzee, ndipo nikaagiza upya. Toleo la pili lilifika likiwa sawa. Tulililinganisha na kipimajoto cha kioo kwa siku tatu, na joto likabaki kati ya nyuzi 44.3 na 44.7, hata usiku mmoja umeme ulipokatika, kwa kuwa taa inatumia betri ya sola.

Katika vibao vitano vya toleo hilo, kimoja kiko kwenye friji letu, kimoja nimekihifadhi cha akiba, na kimoja kimekwenda kwa mwalimu wa baiolojia anayetengeneza kiatamizi cha shule yake. Viwili vimo kwenye droo ya maabara. Mwalimu au fundi wa maabara mwenye friji bovu na kisima cha kupima, njoo uchukue kimoja, na faili zake nitakupa.