Udi wa babu haukuishia dukani

Ukiingia Mji Mkongwe wa Zanzibar kwa upande wa Darajani, ukafuata vichochoro mpaka Shangani, utakuta madukani vitu vilivyotoka majumbani mwa watu: saa za ukutani, masinia ya shaba, makasha ya njumu. Mara mojamoja huonekana na udi umetundikwa, hauna hata uzi mmoja.

Nasema udi wa kupiga, si wa kufukiza. Ni ala ya taarab, na taarab Zanzibar ni ya siku nyingi. Kikundi cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905, na Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi nyimbo zake mwaka 1928. Lakini si kila mpigaji alitoka jukwaani. Babu yetu mzaa mama alikuwa fundi cherehani, na jioni alipiga udi barazani. Aliacha pale baridi yabisi ilipovimbisha viungo vya vidole. Katika kuandika habari za afya nimewasikia wagonjwa wa viungo wakilalamika kuwa hawawezi kufunga vifungo vya shati. Babu alilalamikia udi wake.

Alipofariki, nyumba ikagawanywa. Mjomba alitaka udi uuzwe. Mama mdogo alitaka kuutunza, ila anaishi chumba kimoja na watoto wanne. Nikavuka bahari kutoka Dar es Salaam kuutafutia pa kukaa.

Mwenye duka Shangani alitaja bei kabla hata ya kuugeuza. Mzee mmoja mpigaji taarab hakuuliza bei. Aligonga tumbo la udi kwa kidole, akasikiliza, akatazama shingo kama imenyooka, kisha akachungulia tunduni.

“Gundi imeachia kwa joto na unyevu, lakini shingo ni nzima,” alisema. “Hebu niambie, mwanangu, mnautoa au mnauazima?”

Swali hilo liliturudisha nyumbani, maana udi ulikuwa sehemu ya mirathi na kila mrithi ana haki yake. Tulikaa jioni mbili. Tukakubaliana kuutoa kwa kikundi cha mzee yule, ambako vijana watatu walikuwa wakijifunza kwa udi mmoja, kwa sharti kwamba hautauzwa. Mjomba ndiye aliyeubeba kuupeleka.

Kama kwenu ipo ala ya zamani, anzeni kwa mpigaji kabla ya muuzaji. Legezeni nyuzi kabla ya kusafiri nayo, na msiiache juani wala kwenye gari lililofungwa vioo. Msiipake vanishi ili ing’ae, kwani huweza kuharibu sauti. Pigeni picha, chunguzeni ndani kama ipo karatasi yenye jina la fundi, na makubaliano yaandikwe, warithi wote watie saini.

Mama mdogo huenda kusikiliza mazoezi. Anasema sauti ni ileile, ila vijana wanapiga haraka kuliko babu.