Kamba ya Riyadh, Hewa ya Jeddah

Miaka minne niliyokaa Riyadh niliwacheka wenye mashine za kukaushia nguo. Ukianika darini baada ya adhuhuri, hujabana kipande cha mwisho, cha kwanza kimeshakauka. Adui alikuwa vumbi tu: anga likigeuka rangi ya kahawia, mbio juu kuanua. Mimi mtu wa Mombasa, nimelelewa na kamba. Mashine hiyo niliiona ubadhirifu wa wenye pesa.

Kisha kazi ikanileta Jeddah. Agosti hapa, na Bahari ya Shamu hatua chache, hewa yenyewe imelowa. Sare zangu za uuguzi nilizoanika roshani jioni nilizikuta alfajiri bado mbichi, zinanuka uvundo. Tukazihamishia nguo ndani, chini ya kiyoyozi. Pembe za ukuta zikaota ukungu, mtoto naye akaanza kukohoa.

“Mwanangu,” mama akanicheka kwenye simu, “jua la Uarabuni limekwisha?”

“Jua lipo, mama. Hewa ndiyo imejaa maji.”

Nikasalimu amri, nikaenda kutafuta mashine ya kukaushia. Dukani nikaonyeshwa ya pampu ya joto, ghali kwa riyali 1,200 kuliko ya kawaida. “Bei yake utairudisha kwenye bili,” muuzaji akaapa. Usiku nikachukua kalamu. Umeme wa nyumbani hapa ni halala 18 kwa yuniti, hadi yuniti 6,000 kwa mwezi, na juu yake kodi ya asilimia 15. Ya kawaida hula kama yuniti 4 kwa mzigo mmoja, ya pampu chini kidogo ya 2. Akiba haifiki hata nusu riyali! Kwa mizigo minne kwa wiki, ningehitaji zaidi ya miaka 11 kuzirudisha zile 1,200, na mkataba wangu ni wa miaka miwili. (Kwa bei ya umeme wa Kenya hesabu ingekuwa nyingine kabisa.)

Basi nikaazimia kuchukua ya bei rahisi. Lakini ile ya bomba la mvuke ilitaka tundu ukutani, na mwenye nyumba hakutaka kusikia habari ya tundu. Nyingine, inayokusanya maji kwa joto kali, ingepasha chumba kilekile ambacho kiyoyozi kinahangaika kukipoza. Kumbe bili ya mashine peke yake haikuwa hesabu kamili.

Nikangoja. Mwezi uliofuata familia moja ya jirani ilikuwa ikirudi kwao moja kwa moja, wakauza vyombo. Nikapata ya pampu, iliyotumika miaka miwili, kwa riyali 900. Siku hizi nakamua nguo kwanza kwa kasi ya juu kabisa ya mashine ya kufulia, ndipo nazikausha kwenye hiyo ya pampu. Desemba hadi Februari naizima, narudi kwenye kamba.

Kila mzigo ukiisha navuta kitangi chake: lita mbili na ushei za maji, zilizokuwa zikibaki hewani chumbani kwa mtoto. Namwaga roshani, naoshea vumbi.