Mabuti ya skii yalivyotaka kutugombanisha na majirani Innsbruck

Mpenzi msomaji, kama uko mezani, hilo tonge liweke chini kwanza. Leo nazungumzia harufu ya miguu. Na si miguu ya kwetu kwenye joto na vumbi, la hasha! Ni ya Innsbruck, Austria, mji uliozungukwa na milima ya theluji, ulioandaa Olimpiki ya majira ya baridi mwaka 1964 na tena 1976.

Nilikwenda kumsalimia dada yangu. Ameolewa huko, wanaishi ghorofa ya tatu katika jengo la familia nyingi, ngazi moja. Siku ya kwanza tu akaniambia, "Mdogo wangu, nina hamu na mchuzi wa nyumbani." Nami mtoto wa Tanga sikufanya ajizi. Nikapika samaki kwa bizari, kitunguu saumu na nazi ya kopo. Shemeji alikula mpaka akalegeza mkanda.

Asubuhi yake tukakuta karatasi imebandikwa mlangoni. Shemeji akaisoma na kuikunja haraka, lakini dada alishaiona. Eti mapishi yetu yamejaza harufu kwenye ngazi, haivumiliki. Jina la mwandishi hakuna.

Dada hakusema kitu. Alitia bizari zote kwenye mfuko wa plastiki, akaupiga fundo, akauweka juu kabisa ya kabati. Siku mbili tukala mkate na jibini. Miaka 11 anaishi pale, anasalimia kila mtu, anafagia ngazi zamu yake ikifika, na karatasi moja tu ikamfanya apite kwa kunyata kama mwizi. Roho iliniuma, maana mwiko niliushika mimi.

Siku ya tatu mpwa wangu wa miaka 14 akanivuta mkono, "Mjomba, twende mlimani." Tukaenda Patscherkofel, mlima wa mita 2,246, pale pale ambapo Franz Klammer alishinda dhahabu ya mbio za kuteremka mwaka 1976. Raha ya Innsbruck ni kwamba basi la mjini linakufikisha chini ya mlima. Watu wamo ndani na skii zao na mabuti ya plastiki miguuni, wanatembea ko-ko-ko kama roboti, na hakuna anayewashangaa. Mimi nilikodi ya kwangu. Jinsi nilivyoanguka sitasimulia. Ijulikane tu kwamba watoto wadogo walinipita wakinipungia mkono.

Tuliporudi, mpwa akaketi kwenye ngazi, akafungua vifungo vya mabuti yake, akachomoa mguu. Mwenzangu! Niliona machozi. Halafu akafungua kabati la pamoja lililo chini ya ngazi, wanamoweka mabuti familia nne, na bomba la maji ya moto linapita humo humo. Ikatoka harufu ambayo jibini iliyooza ingeomba msamaha. Nikasimama nikawaza: siku mbili hatujapika kitu, na harufu ni ile ile. Nikapanda ngazi mbili mbili. "Dada! Siyo samaki wetu!"

Akashuka, akanusa, akakaa chini akacheka mpaka akalia. Sijui kilianza kipi.

Sasa nikupe sababu. Jasho lenyewe halina harufu ya maana. Wenye kazi ni bakteria wanaoishi kwenye ngozi; wanakula vilivyomo kwenye jasho na ngozi iliyokufa, wanaacha asidi zinazonuka. Jamaa zao wa karibu sana ndio wanaoipa jibini ya Limburger harufu yake, kwa hiyo anayesema miguu inanuka jibini hatukani. Buti la skii ni nyumba nzuri mno kwao: nje ganda la plastiki lisilopitisha hewa, ndani kiatu laini cha sponji kinachonywa jasho kutwa nzima. Ukilifungia kabatini bichi, penye joto la bomba, umewatandikia kitanda. Wapo wanaoyaacha kwenye gari usiku ili baridi iue harufu. Baridi haiui, inawalaza tu. Asubuhi buti bado bichi, na plastiki imekuwa ngumu huwezi kuingiza mguu.

Harufu hii sisi Tanzania tunaijua kwa njia nyingine. Mtafiti Mholanzi Bart Knols na mwenzake walipewa tuzo ya kuchekesha ya Ig Nobel mwaka 2006 kwa kuonyesha kwamba mbu jike wa malaria huvutwa na jibini ya Limburger sawa na miguu ya binadamu. Na kule Ifakara, Fredros Okumu na wenzake walitumia harufu inayoiga ya miguu kuwanasa mbu kwenye mitego. Nilipomweleza mpwa alijivuna, eti mabuti yake ni dawa. Nikamwambia Innsbruck hakuna malaria, ayatoe nje.

Mimi, kwa akili za Pwani, nikachukua chetezo cha dada nikayafukiza mabuti kwa udi. Msomaji, usijaribu. Ilitoka harufu ya bwana harusi aliyekanyaga maiti.

Aliyetuokoa ni fundi wa pale nilipokodi, ambaye kila jioni hupokea mabuti yaliyovaliwa na watu asiowajua. Alisema chomoa kiatu cha ndani, chomoa na soli, kila siku. Kwenye cha mpwa tulikuta soksi ya mwaka jana, nimeishika kwa koleo la jikoni. Futa ndani kwa kitambaa chenye siki na maji, kisha kausha kwa mashine inayopuliza hewa ya uvuguvugu. Usiweke kwenye moto wala kwenye chuma cha kupashia joto, sponji itaharibika na hela yako imekwenda. Kama huna mashine, jaza magazeti na uyabadilishe yakilowa (hili unaloshika linafaa, ukimaliza kusoma). Soksi iwe moja, nyembamba, ya sufu, safi kila siku. Pamba hufyonza jasho ikakaa nalo, na kuvaa mbili ni kuongeza jasho. Miguu yenyewe ioshwe na ikaushwe mpaka katikati ya vidole, maana fangasi wakiingia, siki haitoshi.

Mimi nilitaka tubandike karatasi ya majibu, tena ndefu. Dada akakataa. Alinunua mashine, akaiweka mbele ya kabati, juu yake akaandika kwa Kijerumani: tumia, bure. Kesho yake tulikuta viatu vya ndani vinane vimepangwa ukutani, vinasubiri zamu kama wagonjwa. Kimojawapo lazima ni cha aliyeandika ile karatasi. Hakuna aliyebisha hodi kuomba radhi.

Jumapili dada alipanda kwenye kiti, akaushusha mfuko wa bizari, akaufungua fundo kwa meno. Alipika yeye, na mlango wa ngazini akauacha wazi.