Kushindwa Mara 12

Binti wa dada yangu alifika kwangu hapa Msowero jioni moja ya mwezi wa Aprili, mvua ikiwa imeanza kutulia, akakaa kwenye kigoda pasipo hata kuomba maji ya kunywa. Nikajua kuna jambo.

"Shikamoo, mjomba. Mwanao anataka kwenda Dar es Salaam kuuawa. Wewe ndiye mwenye neno."

Kwetu sisi Wakaguru, mambo ya namna hiyo huulizwa mjomba. Mwanangu huyo, ambaye kwa hesabu ni mjukuu, ni bondia wa ngumi za kulipwa, kijana wa kilo 53 na ushei, uzito wanaouita bantamu. Alikuwa ameshinda mapambano 5 na kushindwa 6. Promota mmoja alimtaka akapigane na kijana aliyeshinda yote 11. Mama mtu aliona hesabu hiyo haihitaji mkalimani.

Mimi nilikuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi, na hesabu zisizohitaji mkalimani zimekwisha kuniaibisha. Mwaka mmoja walikuja wazazi wawili kuomba uhamisho, kila mmoja na mtoto wake, nami nilikuwa na nafasi moja tu. Mtoto wa kwanza, ripoti yake ilisema: wa 1 kati ya 40. Wa pili: wa 31 kati ya 40. Sikufikiri hata dakika mbili. Miezi michache baadaye, matokeo ya darasa la saba yalipotoka, ndipo nilipobaini kwamba shule ile alikotoka yule wa kwanza haikufaulisha hata mmoja, na ile ya yule wa 31 ilikuwa ikijaza wenzetu shule za sekondari mwaka hadi mwaka. Yule baba alikuwa amempakia mwanawe kwenye baiskeli wakaondoka, na sikuwaona tena. Chuo cha ualimu tulifundishwa kusahihisha mitihani. Kuuliza mtu kashindana na nani, hilo nililijua nimekwisha kuchelewa.

Basi nikamwambia kijana aje na simu yake, nami nikachukua daftari. Tukasoma jina moja moja. Kati ya wale waliopigwa na mpinzani wake, 7 walikuwa hawajawahi kushinda pambano lolote, na mmoja alipigwa mara mbili. Wote walipigiwa mji ule ule, nyumbani kwa mshindi. Tukageukia upande wetu. Katika kushindwa 6, mara 5 ilikuwa kwa pointi, zote ugenini; na mara 2 aliitwa zikiwa zimebaki siku chache, akapigana na watu wa uzito wa juu yake.

Hapo kwenye uzito ndipo wengi wanapopita haraka. Bantamu haizidi kilo 53.5, supa bantamu kilo 55.3, unyoya kilo 57.2. Kwa bondia wa uzito wa juu, kilo mbili ni chakula cha mchana. Kwa mtu wa kilo 53 ni kama sehemu moja ya ishirini na saba ya mwili wake wote, na mpinzani huja nazo mabegani na kwenye ngumi. Isitoshe, watu wadogo aghalabu hawamalizani kwa ngumi moja. Mambo huishia kwenye kalamu za majaji, na kalamu ina mji wake. Ujanani mwetu tulimfuatilia redioni Philip Waruinge wa Kenya, wa uzito wa unyoya. Olimpiki ya Mexico ya 1968 alirudi na medali ya shaba tu, lakini ndiye aliyepewa Kombe la Val Barker kama bondia bora wa mashindano yote.

Nikamsimulia kijana habari za Rogers Mtagwa, Mtanzania aliyefanya makao Philadelphia, Marekani. Tarehe 10 Oktoba 2009 alipanda ulingoni Madison Square Garden, New York, kupigania ubingwa wa dunia wa WBO wa supa bantamu dhidi ya Juan Manuel López wa Puerto Rico. López alikuwa na ushindi 26, bila kushindwa. Mtagwa naye alikuwa na ushindi 26, ila ameshindwa mara 12 na kutoka sare 2. Kwa macho ya karatasi, huyo aliletwa kujaza kadi. Raundi ya 12 bingwa alikuwa anapepesuka, miguu haimtii, na kengele ndiyo iliyomwokoa. Akapewa ushindi kwa pointi, Mtagwa akaandikiwa kushindwa kwa 13. Januari 2010 Yuriorkis Gamboa wa Cuba akammaliza katika raundi ya 2, ikawa 14. Katika rekodi, kushindwa hizo mbili zimekaa mstari juu ya mstari, kana kwamba ni ndugu pacha.

Na López? Aliyekuja kumpiga kwa mara ya kwanza, Aprili 2011, ni Orlando Salido wa Mexico, mtu aliyekwisha kushindwa mara 11, aliyeanza ngumi za kulipwa akiwa na miaka 15. Salido huyo huyo, Machi 2014, alimshinda Vasyl Lomachenko wa Ukraine, mwenye dhahabu mbili za Olimpiki. Kweli, siku ile Salido alishindwa kufikia uzito uliotakiwa; nami nimekwisha kusema kilo ni nini kwa watu wa namna hiyo.

Nikafunga daftari nikasema: aende.

Akaenda. Raundi ya 4 aliangushwa, akainuka, akamaliza raundi zote 8 na kupoteza kwa pointi. Niliangalia kwenye simu ya jirani. Yule kijana wa 11 alikuwa anajua ngumi. Nilikuwa nimewahesabu vema wale aliowapiga, nikasahau kwamba mtu aliyepewa wanyonge huenda naye ni hodari, ila hakuna aliyewahi kumjaribu. Mama mtu alikuja na kijana wake, jicho moja limefumba, akanisalimu kwa heshima zote na hakuongeza neno. Ningefurahi kama angeongeza.

Wiki iliyopita promota amepiga simu tena. Safari hii nimeomba kwanza niletewe jina la mpinzani, majina ya wote aliopigana nao, na kilo zitakazoandikwa kwenye mkataba. Sijajibiwa, na kijana anaamka alfajiri kukimbia barabara ya Dumila.