Mbao za Mufindi, Ua wa Nkoma

Mbao nilizonunua Bariadi mwezi uliopita zilikuwa za msonobari, na muuzaji aliniambia zimevunwa Mufindi, mkoani Iringa. Nilikuwa nazipeleka Nkoma kujenga upya kibaraza cha uani kwa mama, baada ya mchwa kuzila nguzo za kile cha zamani. Mdogo wangu alitaka tumwage zege. Kwake mbao ni dalili ya umaskini. Fundi alimjibu kwa kumwonyesha udongo. Pale ni mbuga nyeusi, huvimba kwa mvua na kupasuka kiangazi, na sakafu nyembamba ya zege hupasuka nayo. Tukapaka nguzo oili chafu, tukainua sakafu kiasi cha goti, tukaweka ngazi mbili ili mama apande bila kushikwa mkono.

Kilichonisumbua si bei, ingawa nayo inauma. Mama alisema nguzo za kwanza marehemu baba alizikata ng'ambo ya kijito, akarudi kabla ya chakula cha mchana. Leo ng'ambo hiyo kuna vichaka na mashamba ya pamba. Mti wa kutoa nguzo haupo.

Tumezoea kumlaumu Msukuma na ng'ombe wake. Lawama hiyo inaisahau serikali. Waingereza walihimiza kufyeka mapori ili kuangamiza mbung'o, na kilimo cha pamba kikapanuka kwa baraka zote za watawala. Kisha Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu kutoka kwenye miji yao, na ngitili nyingi, yaani malisho yaliyofungwa kwa ajili ya kiangazi, zikabaki bila mwenyewe. Mti usio na mwenyewe hukatwa na yeyote, hata awe msomi wa ikolojia.

Mwaka 1986 ulianza mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, katika mkoa ambao wakati huo ulijumuisha Bariadi yetu. Sifa yake kubwa ilitokana na kufufua ngitili kuliko vitalu vya miche: kaya na vijiji vilifunga maeneo, visiki vikachipua vyenyewe. Wataalamu walifanya jambo adimu, wakakubali kujifunza kwa wafugaji.

Mradi ulifika kikomo mwaka 2004, nasi tukapata mkoa mpya wa Simiyu mwaka 2012. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zinakipa kijiji uwezo wa kutenga na kulinda msitu wake, na mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Nyenzo zipo. Lakini nilipouliza nyumbani ngitili za kitongoji chetu zimeandikwa wapi, nilitajiwa wazee watatu kwa majina. Mmoja wao amekwisha kufariki, na wanawe wameligawa eneo lake vipande vinne.